Majibu ya Mashine ya Oakdale

Nilipoanza kuwaomba watu wa kanisa letu waniazime kompyuta zao, nusu yao walidhani nataka kuzibeba. Mama mmoja alinijibu kwamba yake ina picha za harusi ya binti yake, kwa hiyo haiwezi kutoka nyumbani. Ilinibidi nisimame Jumapili moja baada ya ibada, kule Roseville, Minnesota, katika ukumbi wa chini tunakonywea chai, nieleze upya. Kompyuta ibaki kwako, mezani pako. Ila zile saa ambazo huitumii, ifanye kazi yangu.

Rafiki yangu mmoja, muuguzi, Mkenya kama mimi, alikuwa ameshika kikombe mkono huu na andazi mkono huu. Hakuchelewa kunichokoza.

"Kwa hivyo mimi niko shift nageuza wagonjwa, na computer yangu nayo iko nyumbani ina-work? Na hakuna mtu analipwa?"

"Hakuna."

"Basi hiyo computer imekuwa Mkenya wa Minnesota kamili. Niandike."

Watu walicheka, na kwa kicheko hicho nikapata nyumba kumi na moja za kwanza. Mimi si mtu wa kuomba. Nina kiburi cha kutaka kufanya kila kitu mwenyewe, na hasira zangu ziko karibu, kama mama yangu alivyozoea kusema, mahali pa kufikiwa na mtoto. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi nilihitaji vidole vingi sana.

Siku hizo nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya serikali ya jimbo, Saint Paul, na nilikuwa nasomea shahada ya pili kipande kipande, somo moja kila muhula, mwaka wa sita. Treni ya Green Line ilikuwa bado mpya. Niliipanda nikitoka kazini kwenda chuoni Minneapolis, daftari mapajani, na nilijiona mtu wa maana. Kilichobaki kilikuwa mradi wa mwisho.

Mtindo wa kawaida wa kazi kubwa ya hesabu ni kuwa na kompyuta moja katikati inayogawa vipande kwa kompyuta ndogo ndogo za watu wa kujitolea, kisha inakusanya majibu. Ikizimika hiyo ya katikati, wote wanakaa. Mimi nilitaka isiwepo ya katikati. Kila kompyuta ijue majirani wachache tu, ikimaliza kipande chake imuulize jirani, "Una kazi?" na jirani aimegee, na majibu nayo yapite vivyo hivyo, mkono kwa mkono, mtandaoni. Wazo hili vitabu vinalo, lakini mimi nililijua kabla ya vitabu. Nimekulia Nakuru, nimeona akina mama wakipika chakula cha harusi bila mkubwa wa jikoni. Aliyemaliza kumenya viazi anamgeukia aliye karibu naye na kumpunguzia vitunguu. Hakuna anayeamuru, na chakula kinaiva.

Kazi yenyewe ilitoka kwa watafiti wa chuo waliokuwa wakitafuta dawa ya malaria. Walikuwa na maumbo ya dawa kwa maelfu, na walitaka kujua ni yapi yanaweza kumshika mdudu wa malaria pale panapomuumiza. Ni sawa na mtu mwenye kapu la funguo na kufuli moja: lazima ajaribu kila ufunguo, na kila ufunguo mmoja unataka hesabu ndefu. Darasani niliwaeleza wenzangu kwa michoro. Kanisani nilitamka neno malaria tu, na hakuna aliyehitaji mchoro.

Ndipo aliponijia mama mmoja Mkongo, akitembea polepole kwa sababu ya mgongo. Umri wake ulikuwa sitini na kitu. Alikuwa amekuja Minnesota na familia ya mwanawe baada ya miaka mingi katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, Tanzania, na walikuwa wakiishi Oakdale. Alikuwa amefanya kazi ya kufua mashuka mpaka mgongo ulipokataa, na sasa alishinda nyumbani. Nilimwita Mama tu, kama alivyoitwa na kila mtu.

"Miye niko na ordinateri," aliniambia. "Mwanangu aliachaka ile ya zamani. Iko kubwa, inalia sana. Itakubaliwa?"

"Itakubaliwa, Mama."

"Basi ulete iyo kazi. Malaria nayo tunajuana."

Wiki ya kwanza ilikuwa fedheha. Niliwasha mtandao wangu Jumatatu asubuhi, nikakaa kutazama nyumba zikiingia kazini, na saa mbili kasoro nikaziona zikizimika moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki moja. Nilidhani programu yangu imeanguka. Kumbe watu walikuwa wakitoka kwenda kazini, na sisi tumelelewa kwamba huachi kitu kikiwaka katika nyumba isiyo na mtu. Walizima kompyuta, wakachomoa na waya ukutani, ili radi isije ikaingia. Radi, Januari, Minnesota! Nilipiga simu nyumba kwa nyumba. Mzee mmoja wa Kisii alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, akasema amenielewa kabisa, na kesho yake akazima.

Ile moja iliyobaki ikiwaka ilikuwa ya Oakdale. Mama hakuwa na mahali pa kwenda, kwa hiyo mashine yake haikuwa na sababu ya kuzimwa.

Nilikuwa nimeweka alama ndogo pembeni mwa kioo cha kila kompyuta: duara la kijani maana yake una kazi, duara la kijivu maana yake huna. Mama aliweka kiti chake mbele ya duara hilo. Asubuhi alisali, akapika uji wa wajukuu, kisha akaketi na uzi wake wa kufuma, akilitazama. Ukimpigia simu mchana alikujibu, "Niko ku kazi." Jumapili alikuwa akinitafuta kabla ya chai. "Wiki hii nimejaribu funguo ngapi?" Nilikuwa na idadi yake kwenye kikaratasi, nikamsomea, naye akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyesomewa matokeo ya mtoto wake. Baada ya miaka miwili ya kukaa bila kazi, watu wa kanisa walianza tena kumuuliza habari za kazi. Sikuona wakati ule jambo hilo lilivyokuwa kubwa kwake. Nililiona la kuchekesha tu, na la kupendeza.

Kuna kitu ambacho sikumwambia yeye wala mtu mwingine. Kila kipande cha kazi nilikipeleka katika nyumba mbili, kila nyumba ikidhani ni chake peke yake, kisha programu ikalinganisha majibu. Yakifanana, tunasonga mbele. Yakitofautiana, kipande kinapelekwa nyumba ya tatu, na hapo ni wengi wape: jibu la wawili linakubaliwa, la mmoja linatupwa. Nyumba ikitupiwa majibu mara kadhaa mfululizo, majirani zake wanaacha kuimegea kazi. Kila anayetumia kompyuta za watu asiowaona hufanya kitu cha aina hiyo, kwa sababu mashine hukosea na watu hudanganya. Nilijiambia ni mambo ya ufundi, hayawahusu. Lakini nadhani nilijua litakavyosikika. Hebu mwambie mama aliyekupikia wali kwamba mchele uleule ulimpa na jirani yake, kwa siri, ili uone ni nani atakayeuunguza.

Mwezi wa tatu, theluji ikiwa imegeuka tope barabarani, simu yangu iliita ofisini saa nne asubuhi.

"Mwanangu," alisema Mama, "juu ya nini bamenikatia kazi?"

"Nani amekukatia, Mama?"

"Sijui. Lakini ile rangi imekufa tangu juzi. Nimefanya kosa gani?"

Nilifungua kumbukumbu za programu nikiwa bado naye kwenye simu. Mashine ya Oakdale ilikuwa imetofautiana na wenzake siku nyingi, karibu kila kipande, na kila mara nyumba ya tatu ilikuwa imeungana na ile nyingine. Kanuni ya kuiacha nyumba nilikuwa nimeiwasha juma lile tu, na majirani wote walikuwa wameshaacha kuipa kazi. Programu ilifanya hasa nilichoiagiza. Nilimwambia ni hitilafu ndogo na kwamba nitapita Jumamosi.

Nasema ukweli, nilikasirika, na nilimkasirikia yeye. Mradi ulikuwa wa kutetewa mbele ya walimu mwezi wa tano. Mama yangu, kule Nakuru, alikuwa ameshawatangazia majirani. Na sasa mashine moja kuukuu ilikuwa imejaza majibu mabovu katika kazi yangu. Nilimpelekea habari mwalimu aliyekuwa akinisimamia, mzee mpole wa maneno machache, naye hakuona tatizo.

"Mashine moja mbovu kati ya thelathini ni kawaida," alisema. "Iache nje. Andika."

Moyoni nilikubaliana naye. Nilichobakiwa nacho ni ile ahadi ya Jumamosi tu.

Nilipofika Oakdale Mama alikuwa ameshaandaa chai na maharage na ndizi za kukaanga, na nikiwa bado mlangoni alikuwa akinivua koti. Kisha nikaiona kompyuta. Ilikuwa imevishwa. Kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua mekundu pembeni, kilikuwa kimelifunika sanduku lake toka juu mpaka chini, kioo tu kikiachwa wazi, kimevutwa vizuri, kimepigwa pasi. Televisheni haikuwa na kitu, kochi halikuwa na kitu. Heshima yote ya sebule ile ilikuwa imewekwa juu ya kompyuta. Nilisikia feni yake ikihangaika ndani. Niliweka kiganja juu ya kitambaa, na palikuwa na moto wa pasi.

Nilifurahi! Hakuna furaha kama ya fundi aliyeona kosa la mtu mwingine.

"Mama, umeifunika! Inakosa hewa. Inapata homa, na ikiwa na homa inaweweseka, hesabu zinakwenda mrama. Ndiyo maana majibu yake hayafai."

Neno "hayafai" lilinitoka bila kulipima. Mama alikivua kitambaa taratibu, akakikunja mara mbili, akakikunja tena, akakiweka mapajani.

"Hii ni mukono ya yaya wangu," alisema. Yaya, kwao, ni dada mkubwa. "Aliifuma kule kambi, akaituma na batu. Nikasema, kintu yenye kufanya kazi ya heshima, haiwezi kukaa uchi."

Nilimwambia pole, lakini ilikuwa pole ya mdomoni. Niliirudisha mashine yake kazini, duara likawa kijani, nikala ndizi zake nikamshukuru, nikaondoka nikijiona daktari.

Jumanne duara lilikuwa kijivu tena.

Mashine ilikuwa wazi, imepoa, na bado ilitofautiana na wenzake vilevile kama mwanzo. Kitambaa hakikuwa na hatia. Sikumpigia simu. Nilijiambia nina kazi nyingi, na siku zikapita mpaka Jumapili, na Jumapili hiyo Mama hakuja kuniuliza idadi ya funguo zake. Alikaa nyuma, akanywa chai yake, akawajibu waliomsalimia. Nilimsikia mtu akimuuliza habari za kazi, naye akasema, "Bamenipumzisha." Hapo ndipo aibu iliponishika.

Mwanawe alikuwa kazini siku hiyo, kwa hiyo nilijitolea kumrudisha nyumbani. Tulishika barabara kuu ya kuelekea mashariki, theluji chafu imelundikana pembeni. Kisha Mama akauliza, bila ukali wowote.

"Inajuaka aje kama miye nimekosea?"

Nilikuwa nimechoka kujificha. Nikamweleza yote: nyumba mbili, kipande kilekile, hakuna anayejua, majibu yanalinganishwa, ya tatu inaamua, na anayeshindwa mara nyingi anaachwa.

Nilidhani hakunielewa, nikaanza kutafuta mfano.

"Nimesikia," alisema. "Ni sawa vile balitufanyia."

"Akina nani, Mama?"

"Batu ba dosie, bale ba kuchagua wakimbizi ba kuja Amerika. Kule kambi. Balituweka mu byumba tatu. Miye huku, mwanangu kule, yaya wangu kule. Bakatuuliza maulizo moja. Mama ya miye na yaya alizaa batoto ngapi? Miye nikasema saba. Mwanangu naye akasema saba, juu miye nilimufundisha vile. Yaya akasema tano." Alikuwa akitazama mbele, mikono mapajani. "Karatasi ikarudi. Majibu haifanane. Miye na mwanangu tukaitwa. Dosie ya yaya ikabaki. Mwaka ya nane sasa."

"Na nani alikuwa amekosea?"

"Hakuna. Mama alizaa saba. Babili balikufa njiani, tukikimbia vita. Miye nabahesabu. Yaya habahesabu. Balituuliza mara moja tu, bakafunga. Hakuna mutu alirudi kusema: huyu saba, huyu tano, kuko nini hapo katikati?"

Niliendelea kuendesha, na kwa sababu macho yangu hayakuwa barabarani kama inavyopasa, nilipita njia ya kutokea. Tulikuwa tunaelekea Stillwater, mtoni kabisa, kabla Mama hajaniambia kwa upole, "Tumepita." Nikageuza. Mlangoni kwake alinishukuru kwa usafiri, na sikuweza kumtazama usoni.

Wawili waliosema saba, mmoja aliyesema tano. Wengi wape. Sentensi hiyo nilikuwa nimeiandika mwenyewe, kwa lugha ya kompyuta, na katika ripoti nilikuwa nimeisifu kwa ukurasa mzima.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikaenda chuoni. Nilichapisha majibu hamsini ya mashine ya Oakdale, na kando yake majibu ya nyumba zilizotofautiana nayo, nikayatandaza sakafuni. Miezi yote ile sikuwa nimeyatazama kwa macho yangu hata mara moja. Nilikuwa nimesoma hukumu tu: yamefanana, hayakufanana. Sasa nikapiga magoti na kalamu, nikafuata tarakimu moja moja. Jibu la kwanza lilifanana na mwenzake tarakimu ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya tisa. Ya kumi ndiyo iliyotofautiana. La pili vivyo hivyo. Mengine yaliachana kwenye ya kumi na moja, mengine ya kumi na mbili, mahali ambapo hata watafiti wa malaria wenyewe hawana haja ya kufika.

Mashine ya Mama ilikuwa ya zamani, na kiini chake kilitengenezwa kwa namna nyingine, kwa hiyo ilikata desimali zake tofauti kidogo na laptopu mpya za wengine. Ni kama wapimaji wawili wa debe moja la mahindi. Mmoja anasawazisha kwa kijiti na mwingine kwa kiganja, na punje mbili tatu zinaanguka. Hakuna mwizi hapo. Na ile nyumba ya tatu iliyokuwa ikiamua, kila mara, ilikuwa na laptopu ya ukoo mmoja na ile ya pili. Bila shaka zilikubaliana. Mashine ya Oakdale ilikuwa peke yake, na kosa lake lote lilikuwa hilo.

Kisha nikafungua programu, nikautafuta mstari wa kulinganisha. Niliuandika mimi, wiki ya kwanza, kwa haraka, nikiwa na njaa: majibu yawe sawasawa hadi tarakimu ya mwisho kabisa. Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimelaumu kompyuta kwa uzee, nikalaumu kitambaa kilichofumwa kambini, nikamvua mtu mzima heshima yake sebuleni mwake, na kosa lilikuwa mstari mmoja wa mkono wangu. Nililia pale sakafuni, si sana, ila nililia.

Mwalimu wangu alisoma karatasi zile akiwa amesimama.

"Hii ina maana sura yako ya nne imeanguka," alisema.

"Imeanguka."

"Na mwezi wa tano?"

"Umeanguka nao."

Alinirudishia karatasi na kusema kwamba sura mpya itakuwa bora kuliko ile ya kwanza. Huenda alisema hivyo kunifariji. Nilimpigia mama yangu Nakuru kumwambia sasa nitautetea mradi Desemba, naye akasema majirani watangoja, kwani wana kazi gani nyingine.

Jumapili iliyofuata nilisimama tena mbele ya meza ya chai. Niliwaambia kila kitu: kwamba nilikuwa nikipeleka kazi ya kila nyumba kwa nyumba nyingine bila kuwaambia, kwamba kanuni yangu ilikuwa mbovu, na kwamba ilimwonea mtu. Kuanzia leo, nikasema, kila nyumba itaonyeshwa ni nani anayefanya kipande kilekile. Majibu yakitofautiana, tutatazama kwanza yametofautiana kwa kiasi gani, na wote wawili wataulizwa tena kabla ya kutupa chochote. Niliona nyuso mbili tatu zikikunjana, na nilistahili.

"So all this time ulikuwa unatu-supervise kama mwalimu wa mtihani?" aliuliza rafiki yangu muuguzi.

"Ndiyo. Nisameheni."

"Tumekusamehe. Lakini vikombe vya leo vyote ni vyako."

Nikaviosha vyote, na sufuria za chai juu yake, na wakati huo akina mama walipita nyuma yangu wakinielekeza palipobaki uchafu.

Mama hakuwa kanisani siku hiyo, mgongo ulimzuia, kwa hiyo Jumamosi nilikwenda Oakdale. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Kitambaa sikukiona popote. Niliketi karibu naye nikamtolea zile karatasi, nikamwonyesha kwa kidole: hapa ni jibu lako, hapa ni la mwenzako, tazama yanavyokwenda pamoja mpaka hapa.

"Mashine yako ilisema kweli, Mama. Tangu siku ya kwanza."

"Yote?"

"Yote. Niliyoyatupa nimeyarudisha. Kosa lilikuwa langu. Kitambaa hakikufanya kitu, wala wewe. Niliongea vibaya hapa ndani mwako, na nimekuja kukuomba radhi."

Alizichukua karatasi akazishika muda mrefu, ingawa tarakimu zile hazikuwa za kusomeka kwake. Kisha akaniomba niwashe. Mashine ililia, ikapumua, na baada ya dakika chache duara likawa kijani. Alinyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na kitambaa cha dada yake. Hakukiweka juu. Alinifanya niinue lile sanduku, akakitandika chini yake mezani, maua mekundu yakichungulia pande zote.

Akaketi tena.

"Sasa uandike," alisema.

"Niandike nini, Mama?"

"Ile umeniambia miye. Ya kama majibu haifanane na yote iko ya kweli. Uandikie batu ba dosie."

Nilimwambia mimi si wakili, ni mtu wa kompyuta, na kwamba barua yangu haina nguvu yoyote kule. Alisema anajua. Mwanawe alikuwa na anwani ya pahali pa kuomba faili ya yule dada itazamwe upya. Alichokosa ni mtu wa kuandika maneno hayo yakaeleweka. Nikachukua kalamu. Tuliandika kwanza kwa Kiswahili, nikijua nitaitafsiri barua kwa Kiingereza baadaye, na alinisemea sentensi moja moja, akingoja nimalize kila moja.

Mama yetu alizaa watoto saba. Waliobaki hai ni watano. Mimi nilipoulizwa nilihesabu wote. Mtoto wangu alisema saba kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia, kwa hiyo msituhesabu watu wawili. Dada yangu alihesabu walio hai. Hakuna aliyedanganya.

Nilidhani amemaliza, nikaweka nukta. Alinigusa mkono.

"Ongeza moja. Ubaambie, bakirudi kumuuliza, bamuulize polepole juu ya bale babili. Yaya habahesabu, lakini anabajua kunishinda. Miye nilikuwa nakimbia mbele. Yeye ndiye aliyebabeba."

Niliandika hivyo hivyo alivyosema. Nikamsomea barua yote tangu mwanzo, na akatia sahihi.